Somo la afya: Misuli ya uso, na mazoezi ya mtu aliyepinda uso

Katika namba iliyopita tuliahidi somo juu ya maji ya ziwa na kolera. Somo lile litakuja, wandugu wa kilasi ya kemia bado wanaliandika. Leo sisi dwayen na wasaidizi wetu tumeomba nafasi yao, kwa sababu kuna neno limetukaa moyoni tangu mwezi wa kwanza, na tukingoja egzeta ipite hatutakuwa tena hapa kulisema.

Wengi mnakumbuka Jumatatu ile. Tulikuwa kwenye salamu ya bendera, mistari imenyooka, na sisi tukizunguka na daftari ya majina kama kawaida. Msaidizi mmoja akatuvuta shati: «Dwayen, angalia ule dada, anatucheka.» Tukaangalia. Kweli, mdomo wake ulikuwa umevutwa upande mmoja, kama mtu anayecheka kwa dharau, na jicho moja lilitukazia bila kufumba. Tukamwita. Tukamuuliza kitu gani kinamchekesha. Alitaka kusema «pole, dwayen», ikatoka «fole, dwayen», na wenzake wote wakaangua kicheko. Sisi tukawaza anatuigiza. Tukaandika jina lake, na neno «dharau» pembeni. Akapewa azabu ya kubeba mawe ya volkano kutoka nyuma ya vyoo mpaka kwenye ukuta, na alibeba mpaka rekreasyo. Ni mwalimu wa biolojia aliyepita pale, akamwambia: «Mwanangu, pandisha nyusi zako nione.» Nyusi moja ilipanda. Ya pili haikusogea hata kidogo.

Kumbe dada yetu alikuwa ameamka vile. Mshipa wa uso wake ulikuwa umekufa ganzi usiku, na masaa matatu ya kwanza ya ugonjwa wake shuleni aliyatumia akibeba mawe kwa ajili ya mwandiko wetu. Ametupa ruhusa tuandike habari hii. Jina lake tusilitaje, ingawa wote mnamjua.

Basi tuanze somo. Uso una misuli kama 20 kila upande, midogo, mingine myembamba kama utepe. Misuli ya mkono au ya mguu inashika mfupa na mfupa, ikivuta, kiungo kinakunja. Misuli ya uso si hivyo: mingi yake upande mmoja imeshika mfupa, upande mwingine imeshika ngozi yenyewe. Ndiyo maana ngozi ya goti haiwezi kucheka, ya shavu inaweza. Kuna msuli wa duara unaozunguka jicho, ule ndio unaofumba kope. Kuna mwingine wa duara unaozunguka mdomo, unaokaza midomo tunaposema P, B na M. Kuna ule unaopandisha nyusi na kukunja paji la uso. Kuna ule unaotoka kwenye mfupa wa shavu na kuvuta pembe ya mdomo juu, ni huo wa kucheka. Na ndani ya shavu kuna msuli ambao wanasayansi waliupa jina la Kilatini, buccinator, maana yake mpiga tarumbeta. Wandugu wa fanfare wanaujua bila kujua jina lake: ndio unaobana shavu lisivimbe kama puto wakati wa kupuliza, na ndio unaorudisha bugali chini ya meno wakati wa kula.

Misuli hii yote ya upande mmoja inapokea amri kutoka mshipa mmoja tu wa fahamu, mshipa wa 7 kati ya ile 12 inayotoka kichwani. (Msuli mkubwa wa taya, wa kutafuna, unapata amri kwa mshipa mwingine, wa 5. Ndiyo maana aliyepinda uso bado anaweza kuuma muhindi, lakini chakula kinamtoka kwenye pembe ya mdomo.) Munganga wa Scotland, Charles Bell, aliyezaliwa mwaka 1774 na kufariki 1842, alieleza kazi ya mshipa huo katika mwaka 1821, na mpaka leo ugonjwa tunaousema unaitwa kwa jina lake: ugonjwa wa Bell.

Shida iko kwenye njia ya mshipa. Kabla ya kufika usoni, unapita ndani ya mfupa, nyuma ya sikio, katika tundu refu na jembamba sana. Sisi watu wa Katoyi tunaelewa upesi: ni kama tshukudu yenye magunia ya makala ikiingia katika njia kati ya kuta mbili za mawe. Ikipita vizuri, inapita. Lakini magunia yakivimba kidogo tu, inakwama, na nyuma yake hakuna anayepita. Mshipa ukivimba ndani ya mfupa, mfupa haupanuki, mshipa unajibana wenyewe na amri hazifiki. Wanasayansi wengi wanawaza kwamba mara nyingi kinachouvimbisha ni virusi vya ule uvimbe mdogo wa mdomoni tunaoupata baada ya homa, ambavyo vinakaa mwilini miaka vikilala. Wenye mimba na wenye ugonjwa wa sukari wanapatwa zaidi ya wengine. Ndani ya mshipa ule ule kuna nyuzi za kuonja upande wa mbele wa ulimi, na nyuzi za msuli mdogo unaolinda sikio na makelele. Dada yetu alikuja kutueleza kwamba chai ilikuwa kama maji ya moto tu, na jante yetu ya kengele ilikuwa inampiga ndani ya kichwa. Na sisi tulimweka karibu nayo.

Si ugonjwa wa ajabu. Kila mwaka, katika watu 100.000, wanaopatwa ni kama 20 mpaka 30. Piga hesabu: katika mji wenye watu milioni moja, hao ni watu 200 mpaka 300 kwa mwaka. Goma imepita milioni moja. Lakini nyumbani kwao, jirani wa kwanza alisema: «Balimutega karuho kwenye arusi.» Wa pili akasema: «Hapana, ni muzimu ulimupiga kofi usiku.» Wa tatu akasema ni baridi ya kupanda moto bila kufunika uso. Hakuna aliyesema twende hospitali. Siku nne zilipita kwa mzee wa dawa za majani, akimchua shavu kwa kitu cha moto mpaka ngozi ikachubuka. Hatumhukumu mama yake. Watu walikuwa wengi ndani ya nyumba, kila mmoja na neno lake, na sisi wa shule ambao tuna vitabu tulikuwa tumempa mawe.

Sasa sikilizeni neno la kwanza, ambalo ni kubwa kuliko mazoezi yote: siku tatu. Katika mwaka 2007 waganga wa Scotland walitangaza kazi waliyofanya na wagonjwa 551. Waliopewa dawa inayoitwa prednisolone ndani ya masaa 72 tangu uso upinde, baada ya miezi 9 walikuwa wamepona kabisa 94 kwa 100. Wasioipata, 82 kwa 100. Dawa hii ni ya munganga, si ya kununua kwenye farmasi ya barabarani kwa kuonyesha uso wako. Munganga anapashwa kwanza kujua kama una sukari, kifua kikuu, vidonda vya tumbo, mimba, au malengelenge ndani ya sikio, maana hayo yanabadili mambo. Kwa sisi wa Katoyi hospitali haziko mbali sana: kuna CBCA Virunga, kuna HEAL Africa, kuna Hospitali ya Provensi.

Na wale ambao siku tatu zimewapita wasikate tamaa. Mtaalamu mmoja wa Denmark, Erik Peitersen, alifuata wagonjwa 1.701 wa ugonjwa huu bila kuwapa dawa yoyote, akaandika matokeo katika mwaka 2002. Katika wagonjwa 100, 71 walirudia uso wao wa zamani kabisa. Na 85 kwa 100 waliona uso unaanza kusogea kabla ya juma la tatu kuisha. Kwa hiyo mzee wa majani anaposema «niliponya wengi», hasemi uongo. Walipona mikononi mwake, ndiyo, lakini wengi wao wangepona hata wakikaa kimya.

Kuna uso mwingine unaopinda, na ule ni wa kukimbia nao saa ile ile: kupooza kwa ubongo, ambako wengi wanaita AVC. Kipimo ni kile cha mwalimu wetu. Mwambie mtu apandishe nyusi kama anayeshangaa. Kama paji la upande mgonjwa linabaki laini kama sahani, mara nyingi ni mshipa wa uso. Kama paji linakunjamana pande zote mbili lakini mdomo umeanguka, na mkono hauna nguvu, au maneno yanachanganyika, ni ubongo. Lakini ninyi si waganga, na sisi pia si waganga. Ukiona uso umepinda ghafula, mpeleke mtu hospitali siku ile ile, kipimo kitakusaidia tu kujua kama utembee ao ukimbie.

Kisha jicho. Tunalisema peke yake kwa sababu misuli inaweza kungoja, jicho haliwezi. Kope isiyofumba haifuti jicho, jicho linakauka, na vumbi yetu hapa ni vumbi ya mawe ya volkano, inakwaruza. Mchana aweke matone ya machozi ya farmasi kama munganga alivyosema, avae miwani hata kama wenzake wanamwita muzungu, na afumbe kope kwa kidole mara kwa mara. Usiku apake marhamu ya macho, kope ifungwe kabisa, ibanwe kwa sparadra. Maji ya majani, maziwa ya mama na vitu vingine tunavyovijua vyote visiguse jicho. Kama jicho linauma au linaona ukungu, arudi kwa munganga bila kungoja kesho.

Tunafika kwenye mazoezi. Wengi wanawaza kwamba msuli ulioregea unapashwa kulazimishwa, kama vile sisi tunavyoinua mawe ili tupate mikono minene. Dada yetu naye aliwaza vile. Juma la pili alikuwa anapuliza puto mia kwa siku na kutafuna shingamu mpaka taya linauma, na upande mzima ndio uliozidi kupata nguvu na kuvuta mdomo mbali zaidi. Msuli wa uso haukuzimia kwa uvivu. Haupokei amri. Ukipiga kelele kwenye simu isiyo na rezo, ni wewe tu utakauka koo.

Kwa hiyo, wakati uso bado umelala kabisa, kazi ni ndogo. Nawa mikono, weka tone la mafuta kwenye vidole, kisha chua shavu polepole kutoka kidevuni kwenda sikioni, na paji kutoka kati kwenda pembeni, dakika tano, asubui na magaribi. Usichue kwa nguvu, usichome na kitu cha moto. Kula taratibu, na baada ya kula pitisha kidole ndani ya shavu, kwa sababu chakula kinajificha pale na wewe huna habari.

Siku ile kitu kitakapocheza kidogo, hata kama ni mtikisiko kama wa mshipa wa shingo, ndipo mazoezi yanaanza. Kaa mbele ya kioo, mahali penye mwanga, pasipo watu. Zoezi moja fanya mara tatu mpaka tano, pumzika, kisha lingine. Mara mbili au tatu kwa siku zinatosha. Kila zoezi lifanywe kidogo na polepole, upande mzima usipite upande mgonjwa. Kama upande mzima unavuta sana, ushike kwa kiganja utulie.

Anza na nyusi: zipandishe kama mtu aliyesikia kwamba intero ya matematika imeahirishwa. Kama moja haipandi, isaidie kwa kidole, na wewe ndani ya akili yako uendelee kuiamuru. Halafu macho: angalia kwanza chini, kwenye vidole vya miguu, ndipo ufumbe taratibu, maana jicho linaloangalia chini linafumba kwa urahisi zaidi. Usikaze. Halafu pua: ikunje kama uliyepita karibu na samaki waliooza. Kisha cheka midomo ikiwa imefungwa, pembe mbili zikipanda sawasawa, hata kama ni nusu ya unyoya tu. Ukiweza hilo, onyesha meno. Kisha sogeza midomo mbele kama unataka kupiga mruzi, uirudishe, useme «u», «i», «u», «i». Mwisho jaza hewa kidogo ndani ya mashavu, ihamishe kushoto, ihamishe kuume, ukizuia midomo isiachie kwa kidole kama inavuja.

Kisha maneno. Hili ni zoezi ambalo dada yetu alilipenda, kwa sababu halihitaji kioo na alilifanya akitwanga sombe. Sema kwa sauti, polepole: baba, bibi, mama, papai, pilipili, fufu, mboga, bubu. P na B zinataka midomo ifunge kabisa, F inataka mdomo wa chini uguse meno. Juma la tano hivi alikuja mbele yetu kwenye lango la shule, akasimama, akasema: «Pole, dwayen.» Ilitoka P kamili. Hatukupata la kujibu.

Tuwaonye juu ya jambo moja, ambalo hata wakubwa hawalijui. Nyuzi za mshipa zilizokatika zinaota tena, karibu milimita moja kwa siku, na katika kuota zingine zinapotea njia. Uzi uliotakiwa uende mdomoni unaenda jichoni. Baada ya miezi mitatu au zaidi, mtu anacheka na jicho linafumba lenyewe, au anafumba jicho na mdomo unavutwa. Hapo wengi wanaongeza nguvu ya mazoezi, wakidhani hawajafanya ya kutosha, na wanaharibu. Dawa yake ni kufanya kidogo zaidi: tabasamu ndogo kabisa mbele ya kioo huku jicho likiachwa wazi, na kusimama mara tu kope inapoanza kushuka. Ni kazi ya uvumilivu, inakwenda miezi. Waganga wa kinezi wanaijua, na ni vizuri kuonana na mmoja hata mara moja, akupangie yako wewe, maana nyuso hazifanani.

Wengine mtauliza: na sisi wenye uso mzima, mazoezi haya yatatupa uzuri? Tumesikia wadada wa kilasi fulani wanafanya mashavu kila rekreasyo. Katika mwaka 2018 waganga wa Chicago, kule Marekani, walitangaza jaribio lao: wanawake 27 wa miaka 40 mpaka 65, nusu saa ya mazoezi ya uso karibu kila siku, juma 20. Waliofika mwisho ni 16. Watu walioangalia picha zao walisema walionekana na miaka 48 badala ya 51 hivi. Ni kitu, lakini ni watu 16, na hakukuwa na kundi la pembeni la kulinganisha nao. Kwa mtu wa miaka 17 sisi tunaona hiyo nusu saa ni afadhali aipe kemia. Wapiga tarumbeta peke yao ndio wanaolipwa na mazoezi ya midomo kila siku.

Tulisoma tena juu ya Mfaransa Duchenne de Boulogne. Katika mwaka 1862 alitoa kitabu chenye fotografi za nyuso alizozigusa kwa umeme, msuli mmoja mmoja. Aliona kwamba msuli wa mdomo unatii amri ya mwenye uso, yaani mtu anaweza kuucheza kwa kupenda, lakini ule wa kuzunguka jicho mara nyingi unakuja tu pamoja na furaha ya kweli. Sisi Jumatatu ile tuliangalia mdomo tu.

Dada yetu alikosa majuma matatu ya masomo, si kwa maumivu, kwa haya. Tulipomtembelea alikaa na kitenge mbele ya mdomo. Tulimwambia habari ya Jean Chrétien wa Kanada, ambaye ugonjwa kama huo ulimpata katika ujana na pembe ya kushoto ya mdomo haikurudi kamwe. Katika uchaguzi wa mwaka 1993 wapinzani wake walionyesha picha za uso wake katika televisheni kusudi watu wamkatae. Watu wakawakasirikia wapinzani, na yeye akawa waziri mkuu mpaka mwaka 2003. Dada yetu alisikiliza, akasema: «Yeye alikuwa muzee. Miye niko na solo ya korale.» Alikuwa na haki. Solo aliimba mwenzake.

Leo ni mwezi wa nne na nusu. Jicho linafumba, nyusi inapanda, chai ina utamu. Akicheka sana, jicho la kushoto linakuwa dogo kidogo kuliko la kuume, na bado anafanya zoezi lake. Alirudi katika korale Jumamosi iliyopita.

Kuhusu ile daftari ya majina: ukurasa wa Jumatatu ile tumeupeleka kwa Bwana Prefe, akaufuta mbele yetu. Kuanzia juma lile tumepiga mstari mpya katika kila ukurasa, pembeni ya jina na kosa, wenye maneno «alipoulizwa, alijibu nini». Dwayen atakayetufuata ataikuta hivyo. Kioo kikubwa kilichokuwa kwenye chumba cha walimu tumekiomba, tumepewa, na sasa kinatundikwa katika chumba kidogo karibu na biblioteki. Mwenye kukihitaji, kwa sababu yoyote, ufunguo uko kwetu wakati wa rekreasyo. Hatutauliza ni wa nini.